Majina Mia Tatu na Kumi na Mawili ya Mlima Mmoja

Skriðukot, 9 Januari

Steinvör mjukuu wangu,

Salamu na baraka. Ukiona nimekaa kuandika ujue jambo ni zito. Mara ya mwisho niliandika barua marehemu bibi yako alikuwa bado hajakubali kuolewa, na barua ile ilifanya kazi yake. Mwalimu wa kuzunguka alipita kwetu majira mawili tu ya baridi, wiki nne nne, na nusu ya wiki hizo alilala na homa. Mengine nilijifundisha. Katika bonde hili hakuna mtu aliyefundishwa machache hivyo akajua mengi kama mimi.

Jambo lenyewe ni binti yako Úlfhildur. Amekaa kwangu siku kumi za Krismasi, amekula nyama yangu ya moshi kama mtu mzima, na hilo namsifu. Lakini siku zote kumi ameongea na kile kioo chake cha simu kuliko alivyoongea nami, na ameongea nacho Kiingereza. Hilo nalo ningelivumilia. Siku ya tatu nikamkuta zizini anamwamuru mbwa kwa Kiingereza. Kolur alimtazama kama anavyomtazama mkaguzi wa mifugo, halafu akaja kujificha nyuma ya miguu yangu. Mbwa yule hajawahi kumkimbia hata yule kondoo dume mwenye pembe nne wa jirani yangu Jórunn wa Tunga.

Nikamwambia, "Mwambie kwa lugha anayoijua."

Akasema, "Kwa Kiingereza ni rahisi zaidi, Babu Mrefu."

Ananiita Babu Mrefu, kama watoto wetu wote wanavyowaita baba za babu zao, mimi ninayehitaji ndoo ili nimpande farasi.

Juzi nikampigia simu. Nikamuuliza anafanya nini, akanijibu Kiingereza, nikakata. Halafu nikabaki na simu mkononi, nikafahamu kwamba nimemkatia mtoto.

Nina miaka themanini na mmoja. Sijifunzi lugha nyingine sasa, maana hata hii nimeitumia nusu tu. Mtoto huyu na mimi tusipoongea sasa hatutaongea tena. Nataka aongee nami. Ni hilo tu.

Mlete kondoo wanapozaa. Kioo kibaki huko.

Babu yako,
Eyvindur Steinsson, mfalme wa mlima kwa miaka hamsini na mitano

*

Reykjavík, 20 Januari

Babu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara tatu, mbili kwa furaha na moja kwa sababu ya mwandiko.

Usimkasirikie Úlfhildur. Lugha anayo, ila haivai siku za kawaida. Darasani kwao watoto wakiwa mapumzikoni wanacheza kwa Kiingereza, na wote ni watoto wa hapa hapa, hakuna mgeni hata mmoja. Wakicheza mama na mtoto, mama anaongea Kiingereza. Nilimuuliza sababu, akasema, "Kwani kwenye michezo watu wanaongeaje?" Nami simcheki. Jikoni kwangu kuna kisanduku cha kuwashia taa kwa kukisemesha. Nikikisemesha kwa lugha yetu kinaniomba radhi, nikikisemesha Kiingereza taa inawaka. Mimi ambaye nalipwa kumtia kindi wa katuni sauti ya Kiaislandi nawasha taa yangu kwa Kiingereza.

Wakati wa kuzaa kondoo hatutaweza, ana shule. Septemba tutakuja kwenye mkusanyo wa kondoo, hilo nakuahidi. Mpaka hapo mwandikie yeye mwenyewe. Hakuna rafiki yake aliyewahi kupata barua yenye stempu. Mwandikie majina ya mlima, kama ulivyokuwa ukinitajia mimi nikiwa mdogo, mpaka ninasinzia juu ya tandiko na unanishika kola nisianguke.

Wako,
Steinvör

*

Skriðukot, 11 Februari

Kitukuu wangu Úlfhildur,

Barua hii ni yako. Mama yako akitaka kuisoma akuombe ruhusa.

Kwanza, ile simu. Mkono uliteleza.

Pili, mlima ulio nyuma ya nyumba yangu una majina mia tatu na kumi na mawili, na yote yamo kichwani mwangu. Jórunn wa Tunga anasema anayo mia mbili, lakini Jórunn pia anasema ana miaka sabini. Kila Septemba tunapanda watu ishirini kuwateremsha kondoo waliokaa huko majira yote ya joto. Mimi ndiye mfalme wao. Ninasema wewe shika huku, wewe pitia kule. Siku hizi goti langu limekataa farasi, kwa hiyo nakaa chini kwenye gari la Jórunn na redio ya mkononi ya kuwasemesha, lakini bado nasema mimi. Bila majina ningebaki kunyoosha kidole, na kwenye ukungu kidole cha mfalme hakionekani.

Nakupa matatu uanzie hapo.

Goti la Bibi Kizee ni jabali lililokunjika. Bibi huyo alikuwa zimwi, alikwenda kutembelea akakaa mno kwenye maongezi, jua likamkuta njiani akageuka jiwe. Mtazame Jórunn ujue mambo haya bado yanawezekana.

Shavu la Grímur ni mteremko mwekundu. Grímur alianguka hapo kifudifudi mbele ya watu, akasimama akasema alikuwa anakagua majani.

Kitanda cha Mchungaji ni mahali penye majani mafupi, laini kama godoro. Mchungaji alipotea akalala hapo hadi Jumapili, na watu wakasema ndiyo Jumapili waliyomsikiliza vizuri zaidi.

Nijibu. Ukinijibu kwa Kiingereza nitampa Kolur asome.

Babu Mrefu

*

Reykjavík, 1 Machi

Babu Mrefu,

Asante kwa barua. Ragna wa darasani hakuamini kuwa ni ya kweli mpaka akailamba stempu. Mwandiko wako ni kama kuku amepita, lakini nimeanza kuuzoea. Hii naandika mwenyewe. Mama amenisaidia maneno mawili na sikuambii yapi.

Nimechora mlima. Nimeweka Goti na Shavu, lakini Kitanda sijui nikiweke wapi. Kiko kushoto kwa Shavu au kulia? Ukitoa jina lazima useme liko wapi, la sivyo mtu atapotea. Naomba mengine kumi.

Sasa siri. Usimwambie Mama kama nimekuambia. Mama si kindi tena. Wenye katuni wamesema sisi ni wachache mno na watoto wote wanaelewa Kiingereza, kwa hiyo kindi ataongea Kiingereza tu. Mama yuko nyumbani anasafisha oveni kila siku. Mkusanyo wa kondoo ukiisha tunahamia Kanada, mji unaitwa Halifax, kwa rafiki yake mwenye studio. Mama anasema atakuambia mwenyewe wakati mzuri ukifika. Sijui wakati mzuri ni lini.

Kwa hiyo nafikiri si lazima tena nijue Kiaislandi sana. Lakini majina nayataka.

Úlfhildur

*

Skriðukot, 14 Machi

Steinvör,

Huku hakuna jipya. Kondoo hawajambo. Theluji imefika dirishani na imetulia hapo.

Kindi hajambo?

Nauliza tu. Jórunn alikuja jana akaniuliza mbona sili. Nikamwambia mpishi wa nyumba hii amechoka, na mpishi wa nyumba hii ni mimi.

Kama kuna jambo unataka kuniambia, posta hupita Jumanne na Ijumaa.

Eyvindur

*

Reykjavík, 28 Machi

Babu mpendwa,

Kindi hajambo, anaruka matawi kama kawaida. Kula, tafadhali. Mwambie Jórunn akuletee supu, nawe uache kumtania mpaka uimalize.

Nimepita ofisi wanakotunza majina ya mahali, nikamuulizia mlima wetu mama mmoja wa pale. Akanitolea faili la karatasi za manjano. Ofisa wao alifika Skriðukot ukiwa kijana, akayapokea majina kwa babu yako. Babu, yapo arobaini na moja. Nikamwambia mama yule kwamba wewe unayo mia tatu na kumi na mawili. Akavua miwani, akauliza kwa adabu sana yale mia mbili na sabini na moja yametoka wapi.

Ameomba uyaandike yote kabla hayajapotea. Hakusema kabla ya nini, lakini nilimwelewa. Tuyaandike?

Wako,
Steinvör

*

Skriðukot, 8 Aprili

Steinvör,

Mwambie huyo mama avae miwani yake.

Ofisa wao nilimwona kwa macho yangu. Alikuja na viatu vya mjini, akanywa kikombe kimoja cha kahawa, cha pili akakikataa. Babu yangu akampa majina ya kikombe kimoja. Mtu anayekataa kahawa ya pili hawezi kupewa mlima mzima.

Siandiki orodha. Yamo kichwani na kichwa kiko salama. Nafurahi kusikia kindi hajambo.

Eyvindur

*

Skriðukot, 9 Aprili

Úlfhildur,

Kitanda cha Mchungaji kiko kulia kwa Shavu la Grímur ukiwa unapanda, kushoto ukiwa unashuka. Ni swali zuri. Kuna watu wazima walionifuata miaka thelathini bila kuliuliza.

Siri yako nimeitunza. Si rahisi kwa mtu kama mimi. Nimemuuliza mama yako juu ya kindi, akanijibu hajambo, nami nikaandika nafurahi. Sasa familia nzima tunadanganyana juu ya mnyama ambaye hayupo nchi hii hata mmoja.

Kwa kuwa ulinipa siri, nami nakupa yangu. Hata bibi yako mkubwa sikumwambia, naye alikuwa mke wangu.

Nilipewa ufalme wa mlima nikiwa na miaka ishirini na sita, mfalme wa kabla yangu alipovunjika nyonga. Nilikuwa nimejigamba bonde zima kwamba naujua mlima kuliko yeye. Asubuhi ya mkusanyo walinizunguka wazee kumi na tisa juu ya farasi, wakingoja niwapange. Nilikuwa na majina sitini tu ya babu yangu, na mlima ni mkubwa. Nikafika kwa mzee Oddgeir, nikaona sina pa kumpeleka, yaani mahali papo lakini hapana jina. Watu wote wananitazama. Nikamwambia, "Wewe pitia Mfuko wa Mkate." Nilikuwa na njaa, ndiyo sababu.

Nikangoja wanicheke. Mzee Oddgeir akanikazia macho, nami nikamkazia. Halafu akasema, "Napajua."

Alikuwa hapajui. Nani angepajua? Lakini hapa kwetu mtu akisema hapajui mahali kwenye malisho yake mwenyewe, wajukuu zake watataniwa. Akaniuliza tu, kama mtu anayehakikisha, "Ule wa juu ya kijito, sivyo?" Nikasema ndiyo huo. Akaenda, akarudi na kondoo thelathini, na jioni mezani akawasimulia wenzake jinsi upepo unavyovuma vibaya pale Mfuko wa Mkate.

Mwaka uliofuata nikatoa mengine kumi. Sasa mwanawe Oddgeir, huyu Hafliði, anaapa kwamba babu wa babu yake alizaliwa karibu na Mfuko wa Mkate.

Basi katika mia tatu na kumi na mawili, mia mbili na hamsini na mawili nimeyatoa hapa kichwani kwangu. Ndiyo maana siandiki orodha. Wakilinganisha na karatasi zao watanitangaza mwongo, na nitakufa nikiwa mfalme wa majina sitini.

Ulisema si lazima ujue lugha yetu sana. Sitabishana na wewe. Ila nani atatunza siri hii kwa niaba yangu, kama si mtu aliyeisoma kwa lugha niliyoiandikia?

Babu Mrefu

*

Reykjavík, 25 Aprili

Babu Mrefu,

Nimeisoma mara nne. Nilicheka mpaka Mama akagonga mlango. Nikamwambia nacheka video.

Maswali:

Kwa hiyo wote mlikuwa mnadanganya na kondoo wakapatikana?

Je, jina la uongo linaanza kuwa la kweli siku gani?

Mimi pia naweza kutoa moja?

Jana Mama aliongea kwa sauti ya kindi bafuni akidhani nimelala. Hakuwa anachekesha. Alisema tu "habari za asubuhi, jamani," halafu akafungua bomba.

Úlfhildur

*

Skriðukot, 6 Mei

Úlfhildur,

Kondoo wanazaa, kwa hiyo naandika kwa mkono mmoja na mwingine una kazi. Wana-kondoo wawili wa kwanza nimewaita Stempu na Bahasha, kwa heshima yako.

La kwanza, ndiyo.

La pili nimelifikiria siku tatu huku nikitoa wana-kondoo. Ukilitoa wewe bado ni porojo. Siku mtu mwingine akilitumia kumtafuta kondoo, limekuwa jina.

La tatu, unaweza, kwa masharti mawili. Lazima uwe umesimama hapo kwa miguu yako, na pawe na kazi. Majina hayatolewi kwa kukaa kwenye kiti.

Mama yako mwache aongee bafuni. Usimfungulie mlango, ila siku hiyo mkumbatie bila kumpa sababu.

Babu Mrefu

*

Reykjavík, 2 Septemba

Babu mpendwa,

Tunakuja wiki ijayo, na nimeona aibu kukuangalia usoni kabla sijaandika haya.

Nilikudanganya. Kazi ya kindi iliisha tangu Februari. Nimejaribu kila mlango hapa mjini. Tarehe ishirini na tano tunahamia Halifax, miaka miwili kwa kuanzia. Nimekaa na maneno haya miezi saba kwa sababu najua ulichoniandikia Januari, kwamba unataka mtoto aongee nawe. Nami, niliyefundishwa na wewe kusema, juu ya tandiko, ndiye ninayempeleka mahali ambapo hata muuza maziwa hataisikia lugha hii. Ukinikasirikia nitaelewa. Ukiniambia nisiende, Babu, sijui nitafanya nini.

Steinvör

*

Skriðukot, 5 Septemba

Steinvör,

Nilijua tangu Machi. Nani kaniambia, sisemi. Miezi sita nimefunga mdomo, na mtu yeyote wa bonde hili atakuambia ni maajabu.

Sikwambii usiende. Nina kondoo mia moja na themanini na sijawahi kumlisha hata mmoja kwa maneno.

Njooni na soksi za sufu. Mtoto atapanda na Jórunn upande wa mashariki.

Babu yako

*

Reykjavík, 24 Septemba

Babu mpendwa,

Masanduku yamefungwa. Kesho tunaondoka. Kuna jambo ulilifanya ndani ya gari nikajifanya sikuliona, na sitaki kuvuka bahari nikiendelea kujifanya.

Ukumbuke ukungu ulivyoshuka. Mimi na wewe kwenye gari la Jórunn, redio iko magotini mwako, na wewe unawapanga watu usiowaona. Jórunn akasema redioni kwamba anamfuata kondoo mmoja bondeni, mtoto atabaki na farasi na redio dakika kumi. Nikakuambia mwambie asimwache. Ukasema, "Nyamaza, yuko kazini."

Halafu sauti yake ikaja. Kwa lugha yetu, bila kutafuta neno.

"Babu Mrefu, ni Úlfhildur. Nina kondoo kumi na mmoja hapa."

Ukamuuliza, "Uko wapi?"

Redio ikakwaruza. Nikajua anaitafuta ile ramani yake kichwani. Akasema, "Nimeshuka kutoka Goti la Bibi Kizee, sijafika Shavu la Grímur. Kuna shimo la mviringo na theluji ndani yake. Niko Kikombe cha Kindi."

Babu, nchi hii haina kindi. Kidole chako kilikuwa juu ya kitufe na hukubonyeza. Watu ishirini walikuwa wanasikiliza.

Ndipo Hafliði akajibu, kwa ile sauti yake ya mazishi. "Kikombe cha Kindi. Napajua. Mwambie asiondoke, napita huko."

Na mwingine, sijui nani, "Mimi niko karibu zaidi. Baba yangu alimpoteza kondoo hapo."

Ukageuza uso dirishani. Ukasema hita ya Jórunn inatoa moshi. Hita ya gari lile imeharibika tangu nikiwa msichana.

Jioni, kwenye mazizi ya kugawia, watu wakishika masikio ya kondoo kusoma alama za wenyewe, nilimsikia Úlfhildur anamkemea Kolur kwa lugha yetu. Kolur akakaa chini papo hapo. Usiku ule, tukiwa tumelala, akaniambia yote, siri yako na yake. Usimgombeze. Alisema siri imemaliza kazi yake.

Sasa sikiliza. Mama wa ofisini bado anangoja. Mwandikie. Ukiogopa kuitwa mwongo, mwambie na uongo wenyewe.

Wako daima,
Steinvör, aliyekuwa kindi

*

Halifax, 3 Novemba

Babu Mrefu,

Hapa kuna miti mingi, huoni mbali. Kindi wako kila mahali. Mama alipomwona wa kwanza alimwambia "habari za asubuhi, jamani" kwa sauti yake ya kazi, na bibi mmoja kwenye kituo cha basi akahama benchi.

Shuleni naongea Kiingereza, na sasa najua Kiingereza changu hakikuwa kizuri kama nilivyofikiri. Wanasema naongea kama katuni.

Hapa mitaa ina majina lakini mahali pa kweli hapana. Kwa hiyo nimetoa kumi na tisa. Nimesimama pote kwa miguu yangu. Nakupa matatu uanzie hapo.

Ngazi za Pua Baridi ni ngazi za shule yangu, zinaelekea bahari. Ndipo namngoja Mama saa tisa.

Kona ya Mbwa Asiyejibu iko kushoto kwa Ngazi ukiwa unashuka. Nilimwamuru kwa lugha yetu akajificha nyuma ya mwenye mbwa.

Shavu la Mama ni mahali alipoteleza kwenye barafu. Alisema alikuwa anakagua lami.

Kuna msichana anaitwa Noémie, kwao wanaongea Kifaransa. Aliniuliza naandika nini, nikamwambia. Jana alisahau kofia yake, akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa uwanja nimngoje Ngazi za Pua Baridi. Alilisema vibaya sana. Lakini alilisema kwa lugha yetu, na kofia ikapatikana. Je, inahesabika hata kama si kondoo?

Úlfhildur

*

Skriðukot, 24 Novemba

Úlfhildur kitukuu wangu,

Kofia ni sufu, na sufu ni kondoo. Inahesabika.

Orodha nimemaliza. Imenichukua wiki sita na kalamu nne. Nimeyaandika yote, na mbele ya yale yangu nimeandika, "Hili nililitoa mimi, nilikuwa nimebanwa." Nikaipeleka posta mwenyewe, nikarudi nikakaa kitandani kungoja fedheha. Yule mama wa ofisini amejibu kwa karatasi mbili. Anasema jina ambalo watu ishirini wamelitumia miaka hamsini kutafutia kondoo ni jina, na hajali limetoka kichwani kwa nani. Ameniuliza tu mwaka wa kila moja na njaa niliyokuwa nayo. Hakusema kwamba hakuna mtu mwingine nchini aliyetoa majina mengi kama mimi, lakini hakukanusha.

La mia tatu na kumi na tatu limeandikwa hivi, nimenakili: Kikombe cha Kindi, mviringo, mashariki, chini ya Goti la Bibi Kizee. Mtoaji Úlfhildur, miaka tisa. Wa kwanza kulitumia, Hafliði Oddgeirsson.

Hafliði mwenyewe alipita leo asubuhi kuniletea samaki. Hajui siri yangu na usije ukamwambia, mwache afe na babu wa babu yake. Akakaa, nikammiminia kahawa, akauliza yule mtoto yuko wapi siku hizi. Nikatazama saa, nikahesabu masaa ya huko kama mama yako alivyonifundisha. Bado mlikuwa mmelala, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba kitukuu wangu amelala.

Nikamwambia, "Anamngoja mama yake Ngazi za Pua Baridi."

Hafliði akakoroga kahawa yake muda mrefu. Alitazama mlimani, akatazama kikombe, akanitazama mimi kuona kama nacheka. Sikucheka.

Akasema, "Napajua. Upepo wa pale ni mbaya."

Nikammiminia kikombe cha pili.

Babu yako Mrefu,
Eyvindur